Biashara ndogo kwa simu: namna ya kuitangaza bila kupoteza makuta wala majirani



Katika mji wa Beni na pembeni yake familia nyingi zilifika mikono mitupu. Tangu Oktoba 2014 mauaji ya upande wa Oicha, Mbau na Eringeti yamefukuza watu katika mashamba yao ya kakao na kahawa. Shamba halibebwi kichwani, lakini ufundi unabebwa. Ndiyo maana tunapotembelea familia hizi swali moja linarudi kila mara: je, naweza kuuza kazi ya mikono yangu kupitia simu?

Jibu ni ndiyo. Lakini kuna namna inayoleta faida, na kuna namna inayoleta hasara pamoja na ugomvi. Mimi mwenyewe nilijifunza jambo hilo kwa kukosea.

Kosa la bei

Mama mmoja muhami alikuwa akishona iniforme za shule. Alituma picha ya shati jeupe na sketi ya bluu katika makundi makubwa ya WhatsApp, asubuhi na jioni. Watu waliuliza bei, kisha wakanyamaza. Nilimshauri apunguze bei hadi franka 10.000. Kweli, maombi yakafika 20 kwa juma moja. Tukafurahi.

Tulipokaa chini kupiga hesabu, furaha ikaisha. Kitambaa 8.000, uzi na vifungo 1.500, makaa ya pasi 500, sehemu ya mega 500: jumla 10.500. Kila iniforme ilimla franka 500, na mkono wake mwenyewe haukulipwa hata kidogo. Kadiri wateja walivyoongezeka, ndivyo hasara ilivyoongezeka.

Tena mafundi wenyeji wa avenyi hiyo walikuwa wamekwisha kukasirika. Walisema, "Hawa wahami wamekuja kutuulia soko." Maneno yakawa makali, watoto wao wakaanza kutukanana njiani. Chifu wa avenyi akaita pande zote mbili. Mama alileta daftari lake la hesabu, akasoma kila mstari mbele yao. Mafundi wakaona kwamba hakuwa adui, alikuwa akipoteza. Siku hiyo walipatana bei ambayo hakuna atakayeshuka chini yake. Walipatana pia kwamba maombi yakimzidi, atawagawia wenye mashini jirani. Hatua hiyo ya pili ndiyo iliyotuliza roho zaidi.

Kwa hiyo, kabla ya kutangaza, andika gharama zote, ongeza mkono wako, kisha uliza bei ya jirani. Bei ya chini sana si tangazo zuri.

Picha iseme yote

Wazee walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa simu, hata kizuri hakijiuzi kama hakionekani. Piga picha mchana, nje, nguo ikiwa imetundikwa kwenye ukuta wa rangi moja. Chini ya picha andika mambo 4: ni kitu gani, bei, saizi, na siku kitakapokuwa tayari. Mteja anayelazimika kuuliza bei mara nyingi haulizi, anakwenda kwa mwingine.

Kama simu inaruhusu, weka programu ya WhatsApp Business. Ni ya bure, na ina katalogi ambamo mteja anajionea vitu na bei, bila wewe kutuma picha zile zile kila siku na kumaliza mega.

Wateja 30 wanaokujua

Kundi la watu mamia linadanganya macho. Picha yako inazikwa na ujumbe mwingine baada ya dakika chache, na anayeleta matangazo kila saa anachukiwa. Watu 30 waliokwisha kuvaa nguo yako wana faida zaidi.

Picha ya statu inakaa saa 24. Ujumbe unaotumwa kwa orodha ya matangazo unawafikia tu wale waliohifadhi namba yako katika simu yao. Basi kila unapotoa nguo, mwombe mteja ahifadhi namba yako palepale, na umwombe amwambie mtu mmoja. Ukichelewesha kazi, mwambie mapema kabla hajauliza. Neno la mteja aliyeridhika halili mega.

Angalia pia wakati. Shule zinafunguliwa mwezi wa 9, kwa hiyo tangazo la iniforme lianze katikati ya mwezi wa 8, kitambaa kikiwa tayari. Vilevile tangaza vitenge kabla ya tarehe 8 Machi na kabla ya Noeli.

Makuta na usalama

Omba avansi inayotosha kununua kitambaa. Mteja akisema amekwisha kutuma kwa Airtel Money, M-Pesa au Orange Money, usiamini ujumbe anaokuonyesha: angalia salio lako wewe mwenyewe kabla ya kutoa mzigo. Namba ya siri asipewe mtu yeyote, hata anayejiita mfanyakazi wa kampuni ya simu. Patana mapema ni nani atakayelipa motari.

Katika picha zisionekane nyumba yenu, sura za watoto, wala alama ya mahali mnapolala. Mkabidhiane mzigo mchana, mahali penye watu.

Tena, namba ya biashara isitumiwe kusambaza uvumi wala matusi juu ya kabila lolote. Mteja akiona maneno hayo katika statu yako asubuhi, hatakuletea kitambaa jioni. Wapo waliopoteza wateja wa miaka kwa ujumbe mmoja ambao hawakuuandika wao, waliusukuma tu mbele.

Kazi ya viongozi

Ninyi viongozi mnaweza kusaidia kwa njia 3. Toeni mahali pa wazi pa kukabidhiana mizigo. Muwe mashahidi mteja na fundi wanapokosana, bila kudai sehemu ya makuta. Na msingoje hasira: kaeni na wafanyabiashara wenyeji kila mwezi, muulizane bei na malalamiko.

Yule mama bado anashona. Kabla ya shule kufunguliwa anagawa kazi kwa mafundi wawili wenyeji, na mmoja wao ndiye aliyekuwa akisema kwa sauti kubwa kwamba wahami waondoke. Leo mteja akiuliza, yeye mwenyewe ndiye anayetoa namba ya mama.