Mtungi Usubiri, Kijiwe Kipo

Oya wanangu wa Ngara mjini, Kabanga, Rulenge, Nyakahura na Biharamulo, leo tunamwongelea mshikaji aliyetoka kuumwa. Homa imekata, ila shingoni bado kuna vitezi, koo linakwaruza na mwili umechoka kinoma. Jumamosi ikifika, masela wanapita gheto: "Mwana, toka basi, unaozea ndani." Sasa akifika chimbo, agonge vyombo au asigonge?

Aende, ila asigonge. Tuelewane kwa nini.

Aliyougua ni homa ya tezi. Inaletwa na virusi vya Epstein-Barr, na njia yake kuu ya kuenea ni mate. Huku kwetu wengi tunavipata tukiwa wadogo kabisa, tunakuwa kama tuna mafua, yanapita, hakuna anayejua. Duniani, zaidi ya watu wazima 9 kati ya 10 wanavyo mwilini. Anayevikwepa utotoni akaja kuvipata akiwa sekondari au chuo, huyo ndiye anapigwa chini wiki kadhaa. Na usije ukasema ni ugonjwa wa Wazungu. Mwaka 1964 wataalamu wa London walivinasa kwa mara ya kwanza kwenye seli za uvimbe wa mtoto wa Uganda, kutoka kwenye sampuli alizokuwa akizituma daktari Denis Burkitt wa Kampala. Ni hapo tu, ukivuka Mutukula.

Noma iko kwenye ini. Virusi hivi hulichokoza ini hata kama macho hayajawa ya njano. Ukishushia bia, ini hilohilo ndilo linaloisafisha. Ukiamka na kichwa, unatupia panado, nayo inapita palepale. Ni sawa na kumpakiza dereva wa boda abiria watatu kwenye mlima wa vumbi: anaweza kufika, ila usishangae akizima njiani. Ndiyo maana mtu anayeumwa hii homa akinywa chupa mbili anaweza kuamka kama kanywa kreti.

Halafu kuna bandama. Linavimba, na likipigwa linaweza kupasuka. Kwa hiyo ndondo, mieleka ya utani na kubeba mikungu ya ndizi, pumzika kama mwezi hivi tangu uanze kuumwa, mpaka daktari akupe ruhusa.

Sasa tuje kwenye rubisi, maana hapa Kagera huwezi kuikwepa. Unajua inavyopikwa: ndizi mbivu zinamwagwa kwenye mtumbwi wa mti, zinakanyagwa pamoja na majani mpaka juisi itoke, kisha unaingia unga wa mtama uliokaangwa, inafunikwa, kesho yake inatoa povu. Ikifika kijiweni, kibuyu kimoja kinazunguka na mrija wake, kila mtu anavuta, anapangusa kwa kiganja, anampa wa pembeni. Hapo mate yanatembea nyumba hadi nyumba, na aliyepona anaweza kubaki na virusi mateni kwa miezi. Suluhisho ni kubeba kikombe chako. Na kama unamfahamu mama muuzaji, muombe juisi ya ndizi kabla mtama haujaingia. Tamu balaa, haileweshi, na unakaa na wana mpaka jua lizame.

Najua presha ya kijiwe. "Umeokoka?" "Unabania hela?" Usianze kuwapa somo la ini, watakucheka. Sema tu: "Niko kwenye dozi." Bongo nzima hiyo kauli inaheshimika, hata mlevi sugu anakaa kimya. Ukiwa na chochote mfukoni, lipia raundi ya wana, wewe agiza soda. Hakuna atakayesema umejitenga.

Ila usijitangazie homa ya tezi kwa kujipapasa shingo. Huku homa ya kwanza kuwaza ni malaria, kapime. Ikiwa ndiyo, meza dawa mseto yote kwa siku tatu. Na duka la dawa usijinunulie amoksilini kwa sababu koo linauma. Haiui virusi, na kwa wengi wenye homa ya tezi inatoa vipele mwili mzima. Biharamulo hasa tunajua homa si ya kuchukulia poa. Januari 20, 2025 Rais Samia alitangaza homa ya Marburg imeingia wilayani, na mpaka mlipuko ulipotangazwa kuisha Machi 13, ilikuwa imewachukua watu 10, wakiwemo waliodhaniwa kuwa nayo. Homa inapimwa hospitali, haipimwi kaunta.

Mtungi utarudi lini? Usiwe na haraka. Subiri homa iishe, msosi upande, na upande mlima wa kwenu bila kukaa chini katikati. Kama macho yaliwahi kuwa ya njano, subiri mpaka vipimo vya ini vikae sawa. Uchovu wenyewe unaweza kuvuta wiki kadhaa, wengine miezi.

Na ukiona mwana kapata maumivu makali ya ghafla tumboni kushoto, chini ya mbavu, au anashindwa kupumua au kumeza hata mate, achaneni na raundi, tafuteni usafiri, mpelekeni hospitali usiku huohuo.