Kuzeeka au kukomaa? Juu ya alumini yenye shaba

Mwanafunzi asomaye elimu ya metali kwa Kifaransa hukutana mapema na neno vieillissement. Akitakiwa kulieleza kwa Kiswahili, hujibu bila kusita: kuzeeka. Kamusi inamwunga mkono, lakini maana inapotea, kwani kwetu kitu kizeekacho hupungukiwa na nguvu, ilhali alumini inayosemwa hapa huzidi kuwa ngumu. Tutazame kwanza jambo lenyewe, ndipo tuchague neno.

Alumini safi ni laini mno. Mwaka 1906 Mjerumani Alfred Wilm alifanya majaribio ya alumini iliyotiwa shaba asilimia 4 hivi na magnesi kidogo. Aliipasha moto, kisha akaipoza ghafla. Ilipopimwa papo hapo haikuonyesha ugumu wa kutosha. Ilipopimwa tena baada ya siku chache ilikuwa ngumu zaidi, wala hakuna aliyeifanyia kitu. Mhunzi aliyezoea chuma cha pua angestaajabu, maana chuma hicho hupata ugumu palepale kinapozamishwa majini.

Sababu ni hii. Kwenye nyuzi joto 548, kabla haijayeyuka, alumini huweza kubeba ndani yake shaba hadi asilimia 5,65. Ikisha kupoa haiwezi kubeba hata asilimia 1. Ikipozwa polepole, shaba hujitenga na kujikusanya katika chembe kubwa, chache. Ikizamishwa majini, shaba haipati wasaa wa kujitenga, bali hunaswa ikiwa imetawanyika. Baadaye atomu zake husogeleana taratibu na kuunda visahani vyembamba mno, ambavyo Guinier huko Ufaransa na Preston huko Uingereza walivitambua kwa eksirei mwaka 1938, kila mmoja kivyake. Metali hupinda pale tabaka za atomu zinapoteleza moja juu ya nyingine. Visahani hivyo huuzuia mtelezo huo.

Katika tanuru la nyuzi 130 hadi 190 hivi, kazi hiyo huenda mbali zaidi kwa muda wa saa tu. Lakini metali ikiachwa humo kupita kiasi, chembe kubwa hukua kwa hasara ya zile ndogo, nafasi baina yake hupanuka, mtelezo hupata njia, na metali hulegea tena.

Kwa hiyo twapendekeza kukomaa, kama punje ya mahindi ikomaavyo ikawa ngumu. Lugha yenyewe inatusaidia: alumini iliyoachwa katika joto la kawaida imekomaa, na ile iliyotiwa tanuruni imekomazwa. Vieillissement ya Kifaransa hudai kivumishi ili kutenganisha hali hizo mbili. Sisi yatutosha kiambishi. Kuzeeka nako tusikutupe, kwani ndilo jina halisi la ule ulegevu wa mwisho.

Mafundi wa ndege, kwa mfano, huhifadhi ribiti za aina fulani za alumini hii penye baridi kali mara baada ya kuzipoza majini, ili zichelewe kukomaa na zigongwe zingali laini. Hukomaa zikiwa tayari mahali pake, katika ubawa.