Kuhamishwa kwa Daftari la Kompyuta

Wanachama watukufu,

Twawaarifu kuwa hifadhidata yetu, yaani daftari la kilo za karafuu kavu za kila mwanachama, ilikuwa katika kompyuta ndogo ya Raspberry Pi, ndani ya kadi mfano wa ukucha. Kadi hiyo huchakaa kwa kuandikwa mara kwa mara. Kwa hiyo tumelihamishia daftari katika diski ya nje ya SSD, ambayo hustahamili zaidi.

Kwanza tuliisimamisha hifadhidata, kwani kitabu hakinakiliwi huku karani angali akiandika. Kisha tulinakili faili zote pamoja na ruhusa zake, tukaionyesha hifadhidata makao yake mapya, tukaiwasha. Tulilinganisha jumla ya kila mwanachama. Hazikupishana hata kilo moja. Ndipo tulipolifuta la zamani.

Lakini asidhani mtu kuwa kuhama ndiyo salama. Diski nayo hufa, na umeme ukikatika katikati ya kuandika, maandishi huweza kuharibika. Basi kila jioni ya mizani hutolewa nakala, ikawekwa nyumba nyingine. Nawe itunze stakabadhi yako: ndiyo shahidi wa jasho lako.

Wassalaam,
Katibu