Mlima Ulipofunga Njia

Katika milima ya Alps, upande wa Ufaransa, kuna safari ya baiskeli ambayo hufanywa kila mwaka majira ya kiangazi. Huitwa La Marmotte, jina la mnyama mdogo wa milimani ambaye hulala usingizi majira yote ya baridi. Ilianza mwaka 1982, na maelfu ya watu huiendea kutoka nchi nyingi. Aghalabu yao si mabingwa, wala hawalipwi mshahara kwa kuendesha baiskeli. Ni watu wa kazi zao za kila siku, wake kwa waume, vijana na waliokwisha kustaafu. Kila mmoja hupewa nambari na muda wake hupimwa, lakini anayeshindana naye hasa ni mlima, na nafsi yake mwenyewe.

Leo tumependa kuwaeleza habari za safari hiyo katika mwaka 2015, mwaka ambao mlima ulifunga njia. Mna mazingatio ndani yake kwa kila nyumba iliyowahi kupanga jambo kwa muda mrefu, kisha likabadilika siku zikiwa zimekaribia.

Kwanza tuitazame njia ya asili. Huanzia bondeni, katika mji wa Bourg d'Oisans, na kupanda mgongo wa Glandon wenye kimo cha mita 1,924, yaani juu kuliko Nairobi. Huteremka upande wa pili, hupanda Télégraphe, mita 1,566, na baada ya mteremko mfupi huendelea hadi Galibier, mita 2,642, mahali ambapo baridi huweza kumtetemesha mtu hata mwezi wa Julai. Kutoka hapo barabara huporomoka masafa marefu kurudi bondeni. Na wakati miguu imekwisha nguvu, ndipo huja mwinuko wa mwisho, Alpe d'Huez, wenye kilomita zipatazo 14 na kona 21 zilizohesabiwa moja moja kwa vibao.

Jumla ya masafa ni kilomita 174, zaidi ya kutoka Mombasa hadi Voi, na jumla ya kupanda ni kama mita 5,000. Msomaji wa pwani na achukue mfano huu: ni kama mtu aondoke ufukweni Mombasa akapanda, kwa nguvu za miguu yake, hadi kimo cha Lenana, kile kilele cha Mlima Kenya chenye mita 4,985, na yote hayo kwa siku moja.

Jambo kama hilo haliamuliwi jioni likatendwa asubuhi. Mwenye kazi na watoto hulazimika kuamka alfajiri akaendeshe saa moja kabla nyumba haijaamka. Siku za mapumziko huondoka saa nyingi, na mwenziwe hubaki na watoto. Fedha hutengwa kwa ajili ya matairi, breki, nauli na ada ya kujiandikisha. Kwa hivyo anapofika mtu kwenye mstari wa kuanzia, amebeba mgongoni mwake saburi ya nyumba nzima, hata kama jina lililoandikwa ni lake peke yake.

Sasa tuje kwenye tukio lenyewe. Kati ya Galibier na Bourg d'Oisans, barabara hupita kando ya ziwa la Chambon, ambalo ni bwawa lililojengwa na wanadamu, na hapo huingia katika handaki lililochimbwa ndani ya mlima. Mwezi wa Aprili 2015 ilibainika kuwa mlima ulio juu ya handaki hilo unasogea na kuteremka polepole, na kuta za handaki zikaanza kupasuka. Barabara ikafungwa. Haikuwa barabara ya watalii tu: ndiyo iunganishayo Grenoble na Briançon. Wakaazi wa kijiji cha La Grave na jirani zake walijikuta wamekatwa na upande waliozoea kwendea kazini, sokoni na shuleni. Wakawekewa boti za kuvuka ziwa, na baadaye mwaka huo ikachongwa barabara ya dharura ng'ambo ya pili. Handaki jipya halikufunguliwa mpaka mwisho wa mwaka 2017.

Waandalizi wa La Marmotte walikuwa na njia tatu mbele yao: kuahirisha, kusubiri na kutumaini, au kubadilisha. Wakabadilisha. Galibier, ambayo ndiyo fahari ya safari hiyo, ikaondolewa mwaka huo. Badala yake waendeshaji waliposhuka Glandon wakapelekwa kwenye kona za Montvernier, barabara nyembamba iliyokunjwakunjwa ubavuni mwa jabali kama ukili uliowekwa tayari kushonwa. Kisha wakapanda Mollard, wakapanda Croix de Fer yenye mita zaidi ya 2,000, wakateremka, na wakamalizia Alpe d'Huez kama ada.

Ni rahisi kufahamu masikitiko ya aliyekwisha kuiota Galibier mwaka mzima. Amesoma kila mwinuko wake, amepima nguvu zake kwa ajili yake, ameipigia hesabu ya chakula na maji. Leo anaambiwa kuwa mlima huo hautapandwa. Wapo watakaouliza: bila ya Galibier, hii ni Marmotte gani? Swali hilo halikosi haki yake. Lakini miguu iliyozoezwa kwa ajili ya Galibier haikupotea bure, kwa kuwa ndiyo hiyohiyo iliyopanda Croix de Fer. Mapafu hayana habari ya jina la mlima. Na njia mpya haikuwa ya kuchezewa: ilikuwa na miinuko mikubwa isiyopungua minne, katika mwezi ambao Ufaransa ilikuwa imekumbwa na joto kali. Wasomaji wetu watakumbuka kuwa mwanzo wa Julai mwaka ule, sisi huku tulikuwa katikati ya Ramadhani.

Hapa pana busara nyingine ya waandalizi ambayo tumeipenda sana. Mteremko wa Glandon ni mkali na una kona za hatari. Ili watu wasikimbilie kuokoa dakika wakapoteza maisha, muda wa mteremko huo umeondolewa katika hesabu. Ukifika juu, saa husimama. Ukifika bondeni, huanza tena. Mtu aweza kuvaa koti lake, akashuka taratibu, asipungukiwe na kitu. Ni mara chache wanadamu kuandika katika kanuni zao kwamba pahala hapa haraka haina thawabu. Kadhalika kuna saa maalumu za kupita vituo njiani. Anayechelewa huzuiwa asiendelee, kwa kuwa usiku wa mlimani si mahali pa mtu aliyechoka.

Mwaka huo huo mabingwa nao hawakusalimika. Mashindano makubwa ya Tour de France yalikuwa yamepangwa kupita Galibier siku moja kabla ya mwisho. Kwa sababu ya handaki lile, nao wakageuziwa njia, wakapitishwa Croix de Fer. Aliyevaa fulana ya njano ya uongozi alikuwa Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985, na ambaye ujana wake alifunzwa baiskeli na David Kinjah kule Kikuyu, ingawa siku hizo alikwisha kuwa mshindani wa Uingereza. Asubuhi ya tarehe 25 Julai alikuwa amemtangulia Nairo Quintana wa Kolombia kwa dakika 2 na sekunde 38. Juu ya Alpe d'Huez Quintana alimwacha, na ilipofika jioni pengo lilikuwa limebaki sekunde 72 tu. Froome hakushinda siku ile, alistahimili. Na kwa kustahimili kule, kesho yake akaingia Paris akiwa mshindi.

Miaka minne baadaye mambo yalikwenda kinyume. Julai 2019 raia wa kawaida waliojiandikisha katika safari iitwayo L'Étape du Tour waliendesha kutoka Albertville hadi Val Thorens, kilomita 135, njia nzima kama ilivyochorwa. Baada ya siku sita ilikuwa zamu ya mabingwa katika barabara hiyohiyo. Lakini dhoruba na maporomoko ya ardhi yalikuwa yamekwisha kuiharibu, na mashindano yao yakapunguzwa hadi kilomita 59. Mwalimu na karani waliipata njia ambayo bingwa wa dunia aliikosa.

Ndugu zetu, katika nyumba zetu tuna Galibier zetu. Binti amesomea fani moja, nafasi ikapatikana katika nyingine. Harusi imepangwa, mzee akaugua. Biashara imekatiwa mtaji, soko likahamia mtaa mwingine. Wengi wetu husimama mbele ya handaki lililofungwa tukalilaumu jabali, na msimu ukapita. Wengine hulazimisha kupita palipokatazwa, kwa kuona haya kubadilisha walilokwisha kulitangaza. La Chambon latufunza kuwa kupanga ni wajibu, na kuwa tayari kupangua nako ni sehemu ya kupanga. Mzazi anayemwambia mwanawe mapema, waziwazi, kuwa njia ile imefungika na hii ndiyo tuliyo nayo, humtendea hisani kuliko anayemwacha asubiri handaki ambalo halitafunguka mwaka huu.

Na tusimdharau aliyemaliza kwa njia ya pili. Waliofika juu ya Alpe d'Huez mwaka 2015 hawakuiona Galibier, lakini jasho lao halikuwa pungufu, na nyumba zilizowasubiri ziliwapokea kwa furaha ileile. Wahenga walisema, mwenda pole hajikwai. Nasi twaongeza: wala mwenye kugeuza njia kwa busara hakuiacha safari.