Simujanja na Vishikwambi: Kusoma Boksi Kabla ya Kulipa

Simujanja na kishikwambi ni kompyuta za kushika mkononi zinazoendeshwa kwa kugusa kioo. Ndani yake mna viungo vilevile: chipu inayofanya hesabu, RAM, hifadhi ya mafaili, betri, kamera na redio za kupokelea mtandao. Kinachozitenganisha ni kioo. Kioo cha simu nyingi za sasa, kikipimwa kutoka pembe hadi pembe, huwa kati ya inchi 6 na 7, na cha kishikwambi huanzia inchi 8 hivi na kufika 13. Mnunuzi anayesimama mbele ya kaunta Mtaa wa Aggrey, Kariakoo, Dar es Salaam, au Luthuli Avenue jijini Nairobi huwekewa maboksi manne, matano, kila moja likitangaza namba kubwa kubwa. Namba hizo hazina uzito sawa. Baadhi ndizo zitakazoamua kama chombo kitadumu miaka mitano au kitachosha ndani ya mwaka.

Jambo la kwanza la kutazama ni mfumo endeshi, na hapo leo zipo kambi mbili tu zenye nguvu. Apple ilizindua iPhone Januari 2007, ikiwa na kioo cha inchi 3.5 bila kitufe hata kimoja cha namba, na mwaka uliofuata ikafungua duka lake la programu, App Store. Google, iliyokuwa imeinunua kampuni ya Android mwaka 2005, ilijibu kwa kutoa mfumo ambao mtengenezaji yeyote wa simu angeweza kuutumia. Simu ya kwanza ya Android, HTC Dream, iliingia sokoni mwishoni mwa 2008. Tangu hapo Apple hubuni yenyewe simu na mfumo wake, wakati Android imo katika simu za Samsung, Tecno, Xiaomi, Oppo na nyingine nyingi. Ndiyo sababu simu mpya ya Android hupatikana kwa karibu kila mfuko, na iPhone mpya haipatikani hivyo.

Waliojaribu kujenga kambi ya tatu walishindwa, na vyombo vyao havikuwa vibovu. HP ilitoa kishikwambi cha TouchPad Julai 2011, kikiwa na mfumo wa webOS uliosifiwa na wengi, na baada ya siku 49 tu ikatangaza kuacha kukitengeneza. Nokia ilihamia Windows Phone mwaka huohuo, na mwaka 2014 kitengo chake cha simu kikachukuliwa na Microsoft. Wote wawili waliangushwa na uhaba wa programu: watengenezaji wa programu hufuata waliko watumiaji, na watumiaji hufuata ziliko programu. Huawei ilionja jambo hilohilo mwaka 2019, vikwazo vya Marekani vilipoizuia kutumia huduma za Google. Simu yake ya Mate 30 ilikuwa na kamera ya kupigiwa mfano, lakini nje ya China mnunuzi alibaki akijiuliza atapata wapi duka la programu na ramani alizozizoea.

Afrika Mashariki, Android ilishika mizizi mapema kwa sababu ya bei. Mwaka 2011 Safaricom ilikuwa ikiuza Huawei IDEOS, simu yenye kioo cha inchi 2.8, kwa takriban shilingi 8,000 za Kenya, na ndiyo iliyowafungulia Wakenya wengi mlango wa simujanja. Tecno, ya kampuni ya Transsion ya Shenzhen, ilikuwa imeelekeza nguvu zake Afrika tangu 2008, ikiweka laini mbili kwenye simu moja wakati kampuni kubwa hazikuona haja hiyo. Mtu mwenye laini moja ya kupiga na nyingine ya bando hakuhitaji kuelezwa faida yake.

Baada ya mfumo, namba inayostahili kutazamwa kwa makini kuliko zote ni RAM, na ndiyo inayopotosha zaidi. Tofauti ya RAM na hifadhi hueleweka vizuri kwa mfano wa fundi cherehani. Meza yake ni RAM: nguo anayoishona sasa hivi imetandikwa hapo, pamoja na mkasi na uzi. Kabati lililo nyuma yake ni hifadhi: vitambaa vyote vya wateja vimo humo. Meza ikiwa ndogo, kila anapobadilisha nguo lazima akunje hii, airudishe kabatini, atoe nyingine. Kwenye simu, huko ndiko kule kutoka WhatsApp kwenda kwenye programu ya benki kusoma salio, na ukirudi unakuta WhatsApp inajifungua upya kana kwamba haikuwahi kufunguliwa.

Sasa boksi huandikwa kwa herufi nene “16GB”, na chini yake kwa herufi za kuchungulia, “8GB + 8GB”. Nane za kwanza ni RAM halisi. Nane za pili zimekopwa kutoka kwenye hifadhi, sawa na fundi yule kupewa rafu moja ya kabati aihesabu kuwa meza. Rafu hiyo inasaidia kidogo, lakini hifadhi ni ya polepole mno ikilinganishwa na RAM, na haiwezi kuishika nafasi yake. Nyongeza ya namna hii hutolewa na kampuni nyingi, kubwa na ndogo, na haina ubaya ikiandikwa waziwazi. Ubaya upo pale mnunuzi anapolinganisha simu ya “16” na simu ya 8 halisi, kisha akalipa zaidi kwa kitu kilekile. Kwa matumizi ya kawaida ya leo, GB 4 halisi ni kiwango cha kujibana, 6 zinatosha, na 8 zinaacha nafasi kwa miaka ijayo.

Kabati lenyewe nalo lina mambo yake. Mfumo endeshi na programu zinazokuja na simu hula sehemu ya hifadhi hata kabla boksi halijafunguliwa, kwa hiyo simu ya GB 32 hubaki na nafasi finyu, na video za makundi ya WhatsApp (la harusi, la ukoo, la msiba) huimaliza kwa miezi michache. GB 128 ndizo za kuanzia. Simu nyingi za bei nafuu zina nafasi ya memori kadi, na hilo ni jema kwa picha na muziki. iPhone haijawahi kuwa nayo. Aina ya hifadhi haiandikwi kwa herufi kubwa, lakini ina uzito: UFS ina kasi kubwa kuliko eMMC, na simu mbili zenye GB sawa zinaweza kuachana sana katika kufungua programu kwa sababu hiyo tu.

Betri hupimwa kwa mAh, na simu nyingi za Android leo zina 5,000 au zaidi. Namba hiyo inaeleza ukubwa wa tangi. Unywaji ni habari nyingine. Simu ya chipu ya kisasa yenye 4,000 inaweza kudumu kuliko simu ya chipu ya zamani yenye 5,000. Jambo linalozungumzwa kidogo ni kuzeeka. Betri ya lithiamu huchoka kwa mizunguko ya chaji na kwa joto. Apple, kwa mfano, hueleza kwamba betri za iPhone hadi toleo la 14 zimeundwa kubaki na asilimia 80 ya uwezo wake baada ya mizunguko 500 kamili, na kuanzia toleo la 15 mizunguko 1,000. Kampuni hiyohiyo huonya kwamba joto la mazingira linalozidi nyuzi 35 linaweza kupunguza uwezo wa betri moja kwa moja.

Onyo hilo linahusu pwani ya Afrika Mashariki kuliko sehemu nyingi. Mwendesha bodaboda hufunga simu kwenye usukani saa saba mchana, jua likiipiga usoni, ramani imefunguliwa, mwanga wa kioo umepandishwa hadi mwisho, na waya wa chaji umechomekwa. Vyanzo vinne vya joto vimekutana juu ya betri moja. Baada ya miezi kadhaa simu inazimika ikiwa na asilimia 20, naye anaambiwa kwamba simu hiyo ni mbovu. Mara nyingi kinachohitajika ni betri mpya ya kuaminika kutoka kwa fundi anayeaminika. Mwishoni mwa 2017 Apple ilikiri kwamba ilikuwa ikipunguza kasi ya iPhone zenye betri zilizochoka ili zisizimike ghafla. Wamiliki wengi waliobadilishiwa betri mwaka uliofuata waliona simu yao imerudisha kasi yake. Kabla ya kununua simu mpya kwa sababu ya uzito wa ile ya zamani, gharama ya betri inastahili kuulizwa kwanza.

Boksi lenyewe limepungua unene. Tangu iPhone 12 ya mwaka 2020 Apple haiweki kichwa cha chaji ndani, na Samsung ilifuata kwa simu zake za juu mwaka 2021. Afueni moja ni kwamba tundu la USB-C sasa liko karibu kila mahali: iPhone ililipokea mwaka 2023, na Umoja wa Ulaya ulilifanya la lazima kwa simu na vishikwambi vinavyouzwa huko kuanzia Desemba 2024.

Kuhusu kioo, AMOLED hutoa weusi halisi kwa sababu kila nukta huzimika peke yake, na LCD huwa na taa ya nyuma inayowaka wakati wote. AMOLED inapendeza zaidi. Ikipasuka, bei ya kuibadilisha huuma zaidi.

Kamera ndiyo inayouza simu, na namba yake ndiyo yenye maana ndogo kuliko zote. Kamera nyingi za megapikseli 50 huunganisha nukta nne kuwa moja na kutoa picha ya megapikseli 12.5, maana nukta kubwa hukusanya mwanga vizuri zaidi. Ukubwa wa kihisi, ubora wa lenzi na akili ya programu inayochakata picha ndivyo vinavyoamua. Hapa lipo jambo ambalo soko la Afrika lilililazimisha: kwa miaka mingi kamera zilipima mwanga kwa kuzingatia ngozi nyeupe, na mtu mweusi aliyepigwa picha usiku alibaki meno na macho. Tecno ilijijengea jina kwa kurekebisha kamera zake kwa ngozi nyeusi. Google ilikuja na Real Tone katika Pixel 6 mwaka 2021, kwa lengo hilohilo. Kipimo cha kweli ni kupiga picha palepale dukani, kwenye kona yenye giza, kisha kuutazama uso.

Zawadi ya simu kutoka ughaibuni huhitaji tahadhari ya pekee. iPhone zinazouzwa Marekani tangu toleo la 14, Septemba 2022, hazina kabisa tundu la kuingizia laini. Hutumia eSIM, laini isiyoshikika ambayo mtandao huisajili ndani ya simu. Mjomba akiituma Tanga kwa mapenzi yote, anayeipokea hana pa kuchomeka kadi yake, na ni lazima mtandao wake uwe unatoa eSIM. Nyingine huja zikiwa zimefungwa kwa mtandao wa huko. Mambo hayo mawili huulizwa kabla simu haijapakiwa.

Vishikwambi vina historia fupi yenye mabishano. iPad ilitangazwa Januari 2010, ikiwa na kioo cha inchi 9.7, na miezi michache baadaye Samsung ikajibu kwa Galaxy Tab ya inchi 7. Steve Jobs, mkuu wa Apple, alishikilia kwamba inchi 7 ni ndogo mno. Mwaka 2012, baada ya kifo chake, Apple yenyewe ikatoa iPad mini ya inchi 7.9. Wakati huo simu nazo zilikuwa zikinenepa. Galaxy Note ya 2011, yenye inchi 5.3, ilichekwa kwa ukubwa, na leo ingeonekana simu ndogo. Simu zilipofika inchi 6 na zaidi, kishikwambi kidogo kilipoteza sababu ya kununuliwa. Anayetaka kishikwambi leo afadhali achukue cha inchi 10 au 11, ambamo ukurasa wa kitabu hukaa wote bila kukuzwa.

Ubora wa iPad umejengwa na programu zilizobuniwa kwa kioo kipana, na tangu 2019 ina mfumo wake wa peke yake, iPadOS. Upande wa Android, programu nyingi kwa miaka zilikuwa za simu zilizovutwa pembeni kama nguo ya kuazima. Google ilianza kulishughulikia tatizo hilo upya kwa toleo la Android 12L mwaka 2022, na hali inaendelea kuwa nzuri. Kwa kuchora na kuhariri, iPad bado inaongoza. Kwa kusoma na kujaza fomu, kishikwambi cha Android kinatosha kabisa. Sensa ya Tanzania ya Agosti 2022 ilifanywa kwa vishikwambi, ambavyo baadaye viligawiwa walimu, na sensa hiyo ndiyo iliyoliingiza neno lenyewe midomoni mwa watu wengi. Kenya nayo ilikuwa imefanya sensa yake kwa vishikwambi mwaka 2019. Mnunuzi aangalie kitu kimoja hasa: vipo vya Wi-Fi pekee na vipo vyenye tundu la laini. Mahali pasipo na Wi-Fi, cha aina ya kwanza kitaishi kwa kuomba intaneti kwenye simu, na chaji ya simu itakwenda nayo.

Muda wa masasisho hauandikwi kwenye boksi, nao una thamani kubwa kuliko megapikseli zote. Google kwa Pixel 8 ya 2023 na Samsung kwa Galaxy S24 ya 2024 ziliahidi miaka saba. Simu nyingi za bei ya chini hupata miaka miwili au chini ya hapo. Masasisho ya usalama huziba matundu yanayogunduliwa na wezi wa mtandaoni, na simu inayobeba pesa za mwenyewe haifai kubaki na matundu wazi. Programu nazo huzitupa mkono simu zilizoachwa nyuma: tangu Januari 2025 WhatsApp haifanyi kazi kwenye Android 4.4 na za kabla yake. Kwa sababu hiyo simu ya daraja la juu iliyotumika miaka miwili, ikiwa bado ina miaka mitano ya masasisho, mara nyingi ni ununuzi bora kuliko mpya ya bei hiyohiyo.

Mwisho ni namba ya IMEI, tarakimu 15 zilizochapishwa pembeni mwa boksi. Ukibonyeza *#06# simu huionyesha kiooni. Simu ya laini mbili huonyesha mbili. Namba za kiooni na za boksini zisipolingana, simu na boksi havikutoka pamoja kiwandani. Kenya ilizima simu bandia mwaka 2012, na Tanzania, kupitia Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA), ikafanya hivyo tarehe 16 Juni 2016. Walionunua bila kukagua walibaki na vioo visivyoshika mtandao. Ukaguzi huo hufanyika kaunta, kabla ya pesa kutoka mfukoni, na risiti huandikwa ikiwa na namba hiyohiyo.