Katheta Inavyoongozwa Hadi Moyoni

Katheta ya moyo ni mrija mwembamba unaopitishwa ndani ya mshipa wa damu hadi moyoni bila kupasua kifua. Mwaka 1929, katika mji wa Eberswalde, Ujerumani, daktari kijana Werner Forssmann alijipitishia mrija wa namna hiyo kwenye mshipa wa mkono wake, urefu wa sentimita 65, na eksirei ikathibitisha kuwa umefika moyoni. Mwaka 1956 alitunukiwa Tuzo ya Nobel pamoja na wenzake wawili.

Njia ya kuingilia inayotumika hadi leo ilitangazwa mwaka 1953 na Sven-Ivar Seldinger wa Sweden. Baada ya kutia ganzi, daktari huchoma mshipa wa kinenani au wa mkononi kwa sindano yenye tundu, hupenyeza waya laini, huchomoa sindano, kisha hutelezesha mrija juu ya waya huo.

Katheta za kutibu mapigo ya moyo yaliyovurugika huhitaji pia kupindika. Ndani ya ukuta wake mna nyaya zilizofungwa karibu na ncha. Daktari akizungusha kirungu cha mpini, waya mmoja hukazwa, kama waya wa breki ya baiskeli, na ncha hujikunja upande huo.

Hatari kubwa iko kwenye ncha hiyo. Vyumba vya juu vya moyo vina ukuta wa milimita chache tu. Ncha ikikandamizwa mno huutoboa, damu hujaa katika mfuko unaouzunguka moyo, na moyo hubanwa ushindwe kujaa. Damu inaweza pia kuganda juu ya mrija, ndiyo maana mgonjwa hupewa dawa ya kuzuia hali hiyo.

Kwa hiyo daktari hufuata ncha kwa eksirei ya moja kwa moja, kwa muda mfupi iwezekanavyo ili kupunguza mionzi. Mitambo ya sumaku huchora ramani ya moyo, na baadhi ya katheta hupima kwa gramu nguvu ya mgandamizo. Hata hivyo, kanuni kuu haijabadilika: mrija ukikwama, hausukumwi. Hurudishwa nyuma kidogo, hugeuzwa, hutazamwa upya, ndipo uendelee.

Nchini Tanzania, tiba ya katheta hutolewa katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. Anayejiandaa kwa tiba hii amweleze daktari mapema kuhusu mzio, ugonjwa wa figo, ujauzito na dawa zote anazotumia.