Unatoka Rongo na droni yako kuingia TZ? Soma hii kwanza

Buda, ukidandia mat pale steji ya Rongo, ukishapita Migori mjini, Isebania iko karibu tu. Upande wa pili wa mpaka panaitwa Sirari. Watu ni walewale, shilingi za pande zote mbili zinapita, lakini sheria za anga zishabadilika.

Hapa Kenya droni iko chini ya KCAA na kanuni za 2020: isajiliwe, isipite futi 400, na ukae mbali na viwanja vya ndege. Sasa, hiyo karatasi ya KCAA haikuruhusu kurusha hata dakika moja Tanzania. Kule unahitaji kibali cha TCAA, na bado kuna ruhusa ya Wizara ya Ulinzi. Hizi usingoje kuziomba dirishani ukigongewa pasi. Anza mapema, ukiwa bado kwa keja. Zikikosa kutoka, acha droni home. Kuificha kwa begi kati ya nguo ndio noma, juu watu wa kastam wakiipata wanaweza kuishika, na wewe ubaki ukijieleza badala ya kula raha.

Najua unawaza ile klipu ya nyumbu wakivuka Mto Mara. Serengeti? Hifadhi zinataka ruhusa yao pia. Hata hapa kwetu Ruma si shamba la babu, lazima uulize KWS.

Na usirushe karibu na mpaka wenyewe, hata kwa utani. Upepo ukiisukuma mita chache, ishaingia nchi nyingine bila kibali, na aliyeshika rimoti ni wewe.